Mashimo mtachimba wenyewe

Nimepokea tena ujumbe ule ule, safari hii kutoka ofisi moja ya mjini: watu 120, miche 2,000, Jumamosi saa tatu hadi saa tano, na "tafadhali mashimo yawe tayari." Yaani tuwachimbie, wao waje kufukia na kupiga picha.

Kila masika mimi hupanga siku za kujitolea katika misitu ya Nairobi, na kila masika nakutana na imani hii kwamba kazi ni kupanda, na aliyepanda mingi ndiye aliyefanya kazi. Kupanda ndiko kwepesi. Subiri ardhi ilowe vizuri, toa karatasi ya nailoni iliyoshika udongo wa mche (ndiyo, wapo wanaofukia mche na karatasi yake), shindilia, basi. Na mkaratusi usiniletee kwenye msitu wa asili; nimechoka kueleza.

Kazi inaanza Mei ikiisha. Mvua iliyootesha mche imeotesha na nyasi, tena nyasi zimeupita kimo. Mvua ikikatika, zinakunywa maji yake. Kuanzia Juni hadi vuli ianze Oktoba mvua huku ni haba, na hapo ndipo miche yenu inapokufa, mkiwa mmeshasahau mlikoipanda. Inahitaji palizi ya duara, kama mita moja kwa upana, na matandazo, yaani majani makavu ya kufunika udongo, yasiyogusa shina. Watu kumi wenye majembe mwezi Julai wananifaa kuliko 120 wa Aprili. Mwaka jana nilitangaza palizi, wakaja wanne, mmoja binamu yangu.

Picha ya mtu na mche tumeirithi kwa Wangari Maathai, mtetezi wa mazingira, nami siidharau. Alipokwenda kupanda mti katika msitu wa Karura, Nairobi, Januari 1999 akashambuliwa, mche ule ulikuwa hoja dhidi ya wanyakuzi wa ardhi. Lakini watu husahau kwamba Green Belt Movement, harakati ya kupanda miti aliyoianzisha 1977, iliwalipa akina mama kitu kidogo kwa kila mche ulioshika. Ulioshika! Mama wa kijijini alihesabiwa miche iliyo hai. Ofisi yenye magari inahesabiwa mashimo.

Kuna jambo linalonisumbua zaidi, na sina jibu lake. Pale tulipong'oa lantana, kichaka cha kigeni kinachovamia msitu, na mizizi yake, karibu na miti mikubwa, mara nyingi mukinduri, mti wa asili wa huku, huchipuka wenyewe bila mtu kupanda chochote. Basi miche ya nini? Lakini mahali pengine tuling'oa eneo kubwa kwa pupa, lantana ikarudi nene kuliko mwanzo, na ndege waliokuwa wakijificha humo wakahama. Siku hizi nang'oa vipande vidogo vidogo na kungoja. Huenda naogopa tu.

Vijia navyo vina wajuaji wao. Penye tope wanajaza udongo laini, mvua inayofuata tope linaongezeka, watembeaji wanapita kando, na kijia cha hatua mbili kinakuwa barabara. Maji yatolewe kwanza: mtaro wa mshazari, wenye mdomo upande wa bondeni. Tena ukatwe kabla ya masika, wakati hakuna tope la kumshawishi mtu kuja.

Ofisi ile nimeijibu: miche 200, mashimo mtachimba wenyewe, na mnitajie sasa hivi watu kumi wa Julai. Wameuliza kama Julai kutakuwa na mpiga picha.