Dalili, ishara na alama si neno moja

Mara nyingi mno sasa nasikia homa ikitajwa kuwa ni ishara ya malaria, karafuu kuwa ni ishara ya Pemba na bendera kuwa ni ishara ya nchi, na kila mara hujiuliza tumeyatupa wapi maneno mengine mawili tuliyonayo.

Semiotiki ni taaluma inayochunguza jinsi kitu kimoja kinavyomkumbusha mtu kingine, na jinsi jamii inavyojijengea maana kwa vitu vya namna hiyo. Ferdinand de Saussure wa Uswisi alisisitiza kwamba kinachofunga neno na maana yake ni mazoea ya wasemaji, si maumbile. Charles Sanders Peirce wa Marekani, aliyefariki mwaka 1914, alipambanua kinachofanana na jambo, kinachoambatana nalo na kinachoeleweka kwa mapatano tu. Ufafanuzi huo unatosha.

Kinachonishughulisha ni maneno yetu. Yote matatu yametoka katika Kiarabu, lakini kila moja lilikuja na mzigo wake. Dalili ni ushahidi, na pia ni kiongozi wa njia, yule anayemtangulia msafiri. Ndiyo maana dalili hufuatwa, iwe ina nia au haina. Ishara imetokana na kitenzi cha kuonesha kwa kidole au mkono, na mkono una mwenyewe: anayekonyeza au kupunga amekusudia kumwambia mtu jambo. Alama ni ya mzizi uleule uliotupa elimu, mwalimu na maalumu, na haina kazi mpaka watu wafundishane maana yake.

Ukipita Wete, kisiwani Pemba, wakati wa mavuno ukakuta karafuu zimeanikwa majamvini na harufu imetanda, hiyo ni dalili ya msimu, na hata mgeni asiyejua neno la Kiswahili ataifuata mpaka aione mikarafuu. Lakini karafuu mbili zilizochorwa ndani ya duara la kijani, kwenye bendera nyekundu iliyopandishwa Zanzibar tarehe 10 Disemba 1963, hazikunukia wala hazikumwambia mtu kuwa mavuno yamefika. Zile zilikuwa alama, zikaondoka na serikali iliyozitumia baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, na mikarafuu ikabaki palepale.

Kanga ndiyo inayowachanganya wengi, na kweli hapo mipaka hukutana. Jina, yaani msemo uliopigwa chapa kwenye kanga, husomwa na yeyote aliyepita skuli. Hata hivyo mwanamke akiichagua kanga ile, siku ile, akapita mbele ya mlango wa jirani aliyegombana naye, amefanya ishara. Na akiulizwa, atajibu kwamba yeye amevaa nguo tu, maneno yametoka kiwandani. Jibu hilo humlinda kwa sababu nusu yake ni kweli: maneno si yake, ila uchaguzi ni wake. Anayesema kanga ni alama ya mwanamke wa Kizanzibari akaishia hapo, ameiona nguo na kulikosa fumbo ambalo jirani amelipata papo hapo.

Kwa hivyo nawaomba wenzangu, homa tuiite dalili, maana haikukusudia kumwambia daktari kitu, na bendera tuiite alama. Neno ishara tumwachie mwenye nia, kama yule bibi aliyepita mlangoni na kanga yake.