Oil haibebi mzigo wa pikipiki

Jana tena. Kijana wa bodaboda anayebeba ndoo za asali kutoka vijiji vya Sikonge kuja Tabora mjini kaleta pikipiki, shokapu za mbele zinavuja mpaka kwenye rimu. "Fundi, niongezee oil nzito, zimelegea." Ombi hilo nimelichoka.

Uzito unabebwa na springi. Oil inapita kwenye matundu madogo ya fimbo ya ndani ili springi isirukeruke, basi. Juu ya oil lazima ibaki hewa. Tuseme hewa ni mililita 200, na shokapu ikizama inapungua kwa 90: zinabaki 110, mgandamizo haujafika hata mara 2. Sasa ongeza oil mililita 80. Hewa inaanza na 120, ikizama zinabaki 30, mgandamizo mara 4! Sili, ule mpira unaozuia oil isivuje, itahimili vipi? Mnaita ugumu huo uimara, kumbe mnazisukuma sili zitoke. Oil ya injini ya 20W-50 nayo ni nzito mno: shokapu inachelewa kurudi, shimo la pili la barabarani linaikuta bado imezama.

Kufungua si kazi ngumu. Fimbo ya ndani ikizunguka na bolti ya chini, ninaikaba kwa mpini wa ufagio uliochongwa ncha. Sili mpya ninaivisha juu ya mfuko wa nailoni isichanwe na ukingo wa bomba la kromu la shokapu, kisha naweka sili kuukuu juu yake na kugonga taratibu kwa kipande cha bomba la maji. Oil napima kwa bomba la sindano, kila upande sawasawa, kiasi cha kitabu cha pikipiki.

Ila kabla ya kununua sili, pitisha ukucha kwenye kromu, polepole, juu hadi chini. Ukikwama, hapo pana kishimo cha kutu, na kitaikata sili mpya kama kilivyoikata ya zamani. Vishimo vingine nimevijaza gundi ya chuma na kuvisugua kwa msasa wa maji. Baadhi vimeshika, vingine vimebanduka, na sababu bado sijaipata.

Bomba la kulia la kijana lilikuwa na mkwaruzo mmoja, nimeusugua, ukucha unapita. La kushoto lina vishimo vitatu palepale sili inapopita. Nimemwambia atafute bomba lingine, oil nitaweka siku hiyo.