Kuhama Texas kwenda Massachusetts ukiwa na bunduki

Mwaka jana alinipigia simu kijana mmoja Mkenya niliyewahi kumfundisha kulenga shabaha hapa Dallas. "Mwalimu, tunahama. Mama watoto amepata kazi hospitalini Lowell. Lori nimeshakodi, tunaondoka tarehe mosi." Nikampongeza. Lowell ina Wakenya wengi, sukuma wiki haitampiga chenga. Kisha nikamwuliza ninalowauliza wote: "Na vyuma?"

Akacheka. "Si nina leseni ya Texas?"

Nikamwambia achukue kalamu.

Leseni ya kubeba bastola si kama leseni ya udereva. Ya udereva inaheshimiwa majimbo yote. Ya bastola inaheshimiwa pale tu jimbo jingine linapoamua kuitambua. Maryland, New York, Connecticut na Massachusetts hazitambui leseni ya kubeba ya jimbo lolote lingine, na huyu bwana alikuwa anakwenda kuyapita yote manne kwa siku moja.

Tukafungua ramani. Kutoka Dallas unashika barabara ya I-30 hadi Little Rock, halafu I-40 kupitia Memphis na Nashville, na mashariki ya Knoxville unaingia I-81 inayopanda Virginia nzima. Mpaka hapo hakuna la kukukosesha usingizi. Baada ya Winchester unakata kipande cha West Virginia, kisha Maryland kwa kilomita zisizozidi ishirini pale Hagerstown. Ni kipande kifupi kiasi kwamba abiria akisinzia hajui alipita, lakini polisi wa Maryland anajua. Halafu Pennsylvania, na kutoka Scranton I-84 inakuingiza New York kwa zaidi ya kilomita 110 kabla ya Connecticut. Safari nzima ni karibu kilomita 2,800.

Kinachokuwezesha kuvuka majimbo hayo ni sheria ya shirikisho ya mwaka 1986, kifungu cha 926A. Inasema hivi: kama unaruhusiwa kumiliki na kubeba silaha hiyo unakotoka, na unaruhusiwa pia unakokwenda, unaweza kuipitisha katikati hata kama jimbo la katikati linaikataza. Sharti ni kwamba haina risasi ndani, na silaha pamoja na risasi zake hazifikiki kwa urahisi kutoka mahali watu wanapokaa. Gari lenye buti lililotengwa, weka kwenye buti. Gari lisilo na buti la kujitenga, kama zile SUV zetu za kubebea watoto na bibi yao, lazima iwe ndani ya sanduku lililofungwa kwa kufuli, na droo ya dashibodi haihesabiki hata kama ina ufunguo. Kwa lori la kukodi mambo ni rahisi zaidi: sanduku lenye kufuli ndani ya sehemu ya mizigo, dereva mbele, ukuta katikati.

Watu wengi huiweka sawa silaha wakaharibu safari. Ile sheria inalinda mtu anayepita, na ukilala unaweza kuhesabiwa kuwa umeacha kupita. Mwaka 2005 bwana mmoja wa Utah alikuwa anaruka kwenda Pennsylvania kupitia uwanja wa ndege wa Newark, New Jersey. Bastola yake ilikuwa kwenye begi la kupakiwa, imefungwa na kutangazwa kama inavyotakiwa. Ndege ikachelewa, akakosa ya kuunganisha, akachukua begi lake na kulala hoteli ya karibu. Asubuhi alipolirudisha na kutangaza tena bastola, akakamatwa, akakaa rumande siku kadhaa. Mashtaka yalifutwa, lakini aliposhtaki naye akashindwa. Mwaka 2010 mahakama ya rufaa ya shirikisho ilisema kwamba usiku ule hotelini silaha ilikuwa inafikika, kwa hiyo kinga haikumfunika. Majaji wenyewe walikiri alibanwa na mazingira yasiyo kosa lake. Haikumsaidia.

Ndiyo maana tulipanga vituo vya kulala kama watu wanaopanga saa za daku: usiku wa kwanza Nashville, wa pili Winchester, Virginia, ambako unaweza kuingia na sanduku lako chumbani badala ya kuliacha kwenye lori liibwe. Siku ya tatu moja kwa moja hadi Lowell. Mafuta jaza Pennsylvania. Ukiwa na mjomba Bronx wa kumsalimia, msalimie kwa simu.

Mwingine aliyenaswa njiani ni mama mmoja wa Philadelphia. Oktoba 2013 alivuka kuingia New Jersey akiwa na bastola na leseni halali ya Pennsylvania. Aliposimamishwa kwa kosa la barabarani, yeye mwenyewe ndiye aliyemwambia askari kwamba ana silaha, akidhani leseni yake inafanya kazi. Alikabiliwa na kifungo cha lazima cha miaka mitatu na nusu. Aliponea kwenye mpango wa kuwaepusha wakosaji wa mara ya kwanza na kesi, na mwaka 2015 Gavana Chris Christie akamsamehe. Yule alikuwa raia. Msomaji wangu mwenye grini kadi akumbuke kwamba kutiwa hatiani kwa kosa la silaha ni sababu ya kurudishwa kwao chini ya sheria ya uhamiaji. Hakuna gavana atakayekufuata Jomo Kenyatta.

(Na kwa wale wenye viza za muda, za masomo au za kazi: kwa kawaida sheria ya shirikisho inakukataza kumiliki kabisa, jimbo lolote. Upo mlango mdogo unaopitia leseni ya uwindaji, lakini usiuingie kwa kusoma blogu. Mwone wakili.)

Sasa kufika. Massachusetts inampa mkazi mpya siku 60 tangu kuingia apate leseni, ambayo huombwa kwa polisi wa mji anakoishi baada ya kusoma kozi ya usalama iliyoidhinishwa na jimbo. Cheti changu cha Texas hakikubaliki hapo, nasema bila kinyongo. Siku 60 ni za kukaa na silaha nyumbani ikiwa imefungwa, si za kutembea nayo kiunoni. Kubeba bila leseni kule adhabu yake ni kifungo kisichopungua miezi 18. Kwa vile mchakato huchukua wiki kadhaa, maombi yapelekwe wiki ya kwanza, kabla hata ya kutafuta sofa.

Halafu kuna vitu visivyoingia kabisa. Kijana alikuwa na bastola ya Glock 19 yenye magazini tatu za risasi 15, shotgani ya kuwindia, na bunduki ya aina ya AR-15 aliyoinunua wakati wa korona. Shotgani haina neno. Bastola yenyewe inakwenda, lakini Massachusetts inaishia magazini ya risasi 10, kwa hiyo alinunua mbili za kumi na zile tatu akaziacha. AR-15 nilimwambia aiuze Dallas, na aiuze kabla ya kuondoka. Ukiwa bado mkazi wa Texas unaweza kumwuzia mkazi mwenzako. Ukishakuwa mkazi wa jimbo jingine, hata shemeji yako huwezi kumpa bunduki bila kupitia duka lenye leseni ya shirikisho. Alinuna. Bei aliyopata haikufika nusu ya aliyonunulia.

Ukitumia kampuni ya kuhamisha mizigo, lazima uwaambie kuna silaha ndani, na kwa kawaida risasi hazipokelewi kabisa. Kwa ndege: sanduku gumu lenye kufuli, begi la kupakiwa, tangaza kaunta.

Majimbo mengine yana hesabu zake. Maryland siku 90 kusajili bastola, California siku 60 kutoa taarifa, Illinois siku 60 kupata kadi yao ya kumiliki silaha iitwayo FOID. Hawaii ni siku tano tu, yaani hata uchovu wa ndege haujaisha. Mwenye bunduki iliyokatwa mtutu au ya kujifyatua mfululizo asigeuze hata tairi kabla ATF, idara ya shirikisho inayosimamia silaha, haijamjibu fomu 5320.20 ya kuomba ruhusa ya kuivusha jimbo.

Jambo la mwisho aliuliza kwa sauti ya chini, nadhani mkewe alikuwa karibu. Massachusetts bangi inauzwa dukani kama soda, je, akijaribu? Nikamkumbusha fomu 4473 ya kununulia silaha, ile inayouliza kuhusu bangi na kusema wazi kwamba ruhusa ya jimbo haibadilishi sheria ya shirikisho. Ukisema kweli, hununui. Ukidanganya, umetenda kosa kwa saini yako.

Usiku wa pili alinitumia picha kutoka Winchester: sanduku juu ya kitanda cha hoteli, kufuli limefungwa, na mtoto wa miaka minne amelala pembeni yake. Magazini zile tatu ziko kwa shemeji yake Garland.