Kiti cha Makamu Mkuu na Hadithi ya "Wasome Kwanza"

Wiki iliyopita, katika warsha ya siku mbili ambayo ingetosha asubuhi moja, mshiriki mmoja alisimama akatueleza kwamba wanawake ni wachache katika uongozi wa vyuo vikuu vyetu kwa sababu walichelewa kusoma, na kwamba wakisoma kwanza viti vitakuja vyenyewe. Ukumbi ukapiga makofi. Nimeyasikia maneno hayo mara nyingi mno, na kwa kuwa mwenyekiti alinipa dakika tatu tu za kuchangia, nayajibu hapa.

Habari ya kuchelewa sitaikalia sana. Ni kweli kwamba Chuo cha Makerere, nchini Uganda, kiliwapokea wanawake sita wa kwanza mwaka 1945, kikalazimika kuiacha kaulimbiu yake iliyowahimiza wote wawe wanaume, na ni kweli kwamba kuanzia mwaka 1990 chuo hichohicho kiliwaongezea wasichana alama 1.5 wakati wa udahili. Lakini Wangari Maathai, mwanasayansi wa Kenya, alipata shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 1971 na kufikia 1976 alikuwa mkuu wa idara, huku akipigania stahili za nyumba ambazo wenzake wa kiume walizipata bila kuuliza. Olive Mugenda, mwanamke wa kwanza kuwa makamu mkuu wa chuo kikuu cha umma nchini Kenya, aliteuliwa mwaka 2006. Katika miaka hiyo 30 mtoto angetoka chekechea akawa mhadhiri mwandamizi. Hapa kwetu, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kuanzia Pius Msekwa mwaka 1970 hadi William Anangisye aliyeanza mwaka 2017, orodha ya makamu wakuu ni ya wanaume watupu, ingawa mwanamke, Profesa Penina Mlama, aliwahi kuongoza upande wa taaluma chuoni hapohapo.

Niruhusuni nitoe dukuduku moja. Kila mwanamke anapoteuliwa kuwa Makamu Mkuu wa Chuo, lazima atokee mtu wa kuuliza, "Sasa mkuu mwenyewe ni nani?" Mkuu wa Chuo ni yule anayekuja siku ya mahafali na joho lake, akatunuku shahada, akaondoka; anayesaini, anayekabiliana na wakaguzi na anayeamshwa usiku wanafunzi wakigoma ni Makamu Mkuu. Akiteuliwa mwanamume, hata mjomba wangu ambaye hajawahi kukanyaga chuo anaelewa mpangilio huo bila msaada wangu.

Sasa tuje kwenye kiini. Nimekaa mara nne katika kamati za utafutaji, zile zinazochuja waombaji wa nafasi za uongozi wa chuo, na sijawahi kuona mwombaji akikwama kwa sababu ya shahada, kwa kuwa wanaofika mezani wote ni maprofesa. Kinachowatenganisha ni ule mstari wa tangazo unaodai uzoefu wa uongozi katika ngazi ya uamidi, yaani ukuu wa kitivo, au zaidi, na hasa namna wajumbe wanavyousoma. Idara inahesabiwa, uamidi unahesabiwa, urasi wa ndaki (ukuu wa kundi la idara na vitivo) na kurugenzi ya mipango vinahesabiwa sana kwa sababu vinagusa fedha. Lakini wanawake wetu tumewapeleka wapi? Tumewapeleka ofisi ya Mshauri wa Wanafunzi, dawati la jinsia na kamati ya mahafali, ambako kazi haiishi na bajeti haipo.

Namkumbuka mjumbe mmoja aliyepitisha kalamu yake nyekundu juu ya miaka tisa ya mwombaji aliyekuwa Mshauri wa Wanafunzi, akasema, "Huu ni ulezi," kisha akafunua ukurasa. Mama yule alikuwa amezima migomo miwili kwa kuzungumza na wanafunzi hadi alfajiri, wakati amidi tuliyemsifu saa moja baadaye hakuwahi kuzungumza na mwanafunzi yeyote nje ya darasa. Swali la kama mume wake ameridhia kuhamia mkoa mwingine liliulizwa pia, kwa upole, na mwanamume mwenye wake wawili.

Halafu kuna ukaimu, yaani kushikilia kiti kwa muda. Barua husema "hadi itakapoamuliwa vinginevyo", naye mwanamke anakaimu miaka miwili na nusu, anaandaa bajeti na kusuluhisha ugomvi wa watu wazima, kisha nafasi inatangazwa na tunaambiwa kwamba hakuwahi kuthibitishwa, kwa hiyo muda ule hauhesabiki. Wanaume nao wanakaimishwa, sikatai, lakini wale niliowaona mimi walithibitishwa kabla kiti hakijapata joto.

Neno "wanawake" lenyewe linaficha mengi. Fomu zetu haziulizi kabila, na kwa historia ya nchi hii nafurahi kwamba haziulizi. Ila kwa sababu hiyohiyo siwezi kukuonyesha kwa tarakimu binti wa Kimaasai wa Longido au wa Kihadzabe kutoka Ziwa Eyasi anaishia ngazi ipi. Ninachoweza kusema ni kwamba katika kamati zote nne sikupokea ombi la yeyote kati yao, na sijui ningependekeza fomu ya namna gani bila kufungua mlango wa mambo mabaya zaidi.

Kuna shaka nyingine, na hii ni yangu binafsi. Nilipokuwa amidi niliwakinga wahadhiri vijana wa kike wasipewe kazi za utawala, ili waandike na wapande madaraja, na nilijivunia jambo hilo. Mmoja wao sasa ni profesa mshiriki mwenye machapisho kuliko mimi. Juzi ameomba uamidi na akanitaka niwe mdhamini wake. Fomu iko mezani kwangu tangu Jumatatu, na kwenye sehemu ya uzoefu wa uongozi ameandika mstari mmoja tu: katibu wa kamati ya mahafali, mwaka mmoja.