Kushusha gari sio kuipa mshiko

Mwezi huu ni mara ya tatu. Golf GTI mark 5 (kizazi cha tano) nyeupe imeingia gereji, springi zimekatwa mizunguko miwili, sport rimu 19, tairi za mtumba 235, kompyuta ya injini imeshapigwa remapu (programu yake imeandikwa upya iongeze nguvu), na mwenye gari, kijana mstaarabu kabisa, ananiambia "fundi nataka turbo kubwa, maana hii gari nimeshashusha nimeshaweka tairi pana na bado inazungusha tairi mbele". Nikamuuliza, kama haishiki na nguvu iliyonayo sasa hivi, turbo kubwa itakusaidia nini? Akasema itavuta zaidi. Nikanyamaza, nikaenda kunywa maji.

Basi naandika hapa ili wa nne nimtumie linki, kuliko kuelezea nikiwa chini ya gari na joto hili la Dar.

Imani yenyewe ni hii: ukitaka gari ishike, ishushe na uipanulie tairi, na ikikataa hapo basi kosa ni la kuvuta mbele, gari ya kuvuta mbele "haibebi nguvu". Zote mbili zina kaukweli kadogo ndani, ndio maana haziishi.

Kwenye nguvu sitakaa sana maana ndiyo kazi rahisi. Injini ya TFSI (yenye turbo) lita 2 ya mark 5 ilitoka kiwandani na farasi 200 na toki (nguvu ya kuzungusha) Nm 280, tena toki hiyo inaanza kwenye mizunguko 1,800 kwa dakika tu. Remapu ya steji 1 nzuri inakupeleka farasi 240 hivi na toki ya 340 mpaka 350 bila kufungua boliti. Kabla ya hapo angalia kile kikombe kidogo kati ya kemshafti na pampu ya mafuta ya presha, kinalika, kikitoboka kinaua kemshafti na pampu. Angalia daiverta valvu, ile inayoachia presha ya turbo, yenye mpira unaochanika. Plagi mpya, koili nzima. Na kumbuka hii injini inapenda oktani 98, kwa hiyo anayekuandikia ramani lazima ajue unaweka mafuta gani hapa, sio faili ya Ujerumani inayotumwa kwa email. Intakula (inayopoza hewa ya turbo) ya kiwandani ikishapata joto la foleni ya Mwenge saa nane mchana kompyuta inarudisha taiming (wakati wa plagi kuwasha) nyuma yenyewe na farasi uliolipia wanarudi kulala, kwa hiyo hela ya kwanza ya nguvu baada ya remapu iende kwenye intakula. Basi, nguvu imeisha.

Sasa twende kwenye kinachoniuma.

Chukua gari na dereva, kilo 1,400. Mbele kuna kama asilimia 60, yaani kilo 840. Ukikanyaga, uzito unahamia nyuma, pua inanyanyuka, hiyo kila mtu ameiona. Kwa uwiano wa wilibesi (umbali kati ya tairi za mbele na za nyuma) ya hiyo gari, ambayo ni milimita 2,578, na kitovu cha uzito kikiwa sentimita 55 kutoka chini, ukiondoka kwa nguvu zote mbele inapoteza kama kilo 130. Inabaki na 700 na kidogo. Kwenye lami kavu na tairi nzuri hapo unaweza kusukuma kwa kilo 630 hivi, ukizidisha hapo tairi inazunguka bure. Hiyo ndiyo bajeti yako, na ni ya kwenda mbele peke yake, ukianza kukata kona inabidi uigawe.

Sasa angalia injini. Ikiwa ya kiwandani, gia ya kwanza inatoa msukumo wa kama kilo 1,000 kwenye tairi. Gia ya pili kama 650. Yaani gari haijaguswa na tayari gia mbili zimemaliza bajeti! Ukipiga remapu ya toki 350, gia ya pili inapanda mpaka 800, ya tatu inafika 570. Ikinyesha ile mvua ya kwanza ya masika, lami ina mafuta ya miezi yote ya jua, bajeti inashuka kwenye 450, na hapo hata gia ya tatu inazunguka. Kwa hiyo mkuu anayetaka turbo kubwa anataka kuongeza kitu ambacho tayari anacho cha kumwaga.

Kitovu cha uzito nimekikadiria, sijakipima, na lami ya Bagamoyo Road sio ile ya kwenye vitabu, hivyo chukua namba hizi kama picha. Lakini hata ukizivuta huku na huku picha haibadiliki.

Haya, sasa tuishushe. Sentimita 3, kama wengi wanavyopenda. Kwenye ile hesabu ya uzito kuhamia nyuma, unajua unaokoa kilo ngapi mbele? Saba. Kilo saba! Mfuko wa sembe wa kilo tano na paketi mbili za sukari. Hiyo ndiyo faida yote ya kushusha kwenye kuondoka, na watu wamekata springi kwa ajili yake.

Na gharama yake? Mbele ya Golf ni strati (shokapu na springi kwenye nguzo moja), na lowa amu moja chini, yaani mkono unaoshika tairi. Gari ikiwa kwenye urefu wake lowa amu imelala karibu sawa, hivyo gari ikilala kwenye kona tairi ya nje inapata kemba (mwinamo wa tairi kwa ndani) kidogo ya kuisaidia isimame vizuri kwenye lami. Ukishusha, lowa amu inaanza kutazama juu upande wa tairi, na kutoka hapo kila sentimita gari inayozama inaanza kukunyang'anya kemba badala ya kukupa. Tairi inakanyaga kwa bega la nje, lile ambalo kila mtu analalamika linaisha mapema halafu analaumu mwenye alaimenti. Kuna lingine baya zaidi na halionekani kwa macho: bodi ikilala kwenye kona ina nukta inayozungukia, na nukta hiyo inashuka haraka kuliko gari lenyewe linavyoshuka. Uzito umeshuka sentimita 3, nukta imeshuka zaidi ya hapo, mkono kati yao umerefuka, kwa hiyo gari iliyoshushwa inataka kulala ZAIDI, sio kidogo. Ndio maana watu wakishashusha inabidi waweke springi ngumu sana kuizuia, kisha wanasema "unaona inavyoshika haijilazi". Haijilazi kwa sababu umeifanya jiwe.

Na jiwe kwenye barabara zetu linaruka. Tairi iliyo hewani haina mshiko wowote. Springi iliyokatwa inakaa juu ya lile pira la kuzuia shokapu muda wote, ukikata kona na kuna kibonde katikati inagonga pira, uzito wote unaruka kwenye tairi moja kwa kishindo, na mbele inaachia. Wewe unasema gari za kuvuta mbele bwana.

Tairi sasa. Tairi ya mbele imebeba kilo 420 hivi, na upepo wa psi 33. Kwa kukadiria, sehemu inayogusa lami ni sentimita za mraba 180. Ukiweka tairi pana zaidi kwa upepo uleule hazigeuki kuwa 250, zinabaki palepale karibu, linalobadilika ni umbo, panakuwa papana na pafupi. Kwenye kona inasaidia kidogo, sikatai. Lakini mpira wenyewe umetengenezwa na nini na una miaka mingapi ndiyo habari kubwa. Soma zile namba nne za mwisho ubavuni baada ya DOT, 2316 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2016. Yule kijana alikuwa na 4113 kushoto na 0815 kulia, brandi mbili tofauti, kamba (mikato ya tairi) zipo nzuri kabisa zinang'aa, na mpira umekuwa mgumu kama kwato. 225/45 ya inchi 17 mpya ya kampuni inayoeleweka inaimaliza hiyo 19 asubuhi na mapema, na rimu ni nyepesi, na shokapu inapumua. Na upepo pima mwenyewe, wale wa barabarani wanajaza 40 kila gari inayosimama.

Mpya zikiwa mbili tu, watu wanaweka mbele kwa sababu ndiko inakovuta. Usifanye hivyo. Nyuma zikiwa zimekwisha siku ya mvua, ukiachia mafuta katikati ya kona gari inageuka kutazama ulikotoka.

Mshiko halisi wa mbele ukishamaliza tairi, bushi za lowa amu na alaimenti, unakuja kwenye difu, ile inayogawa nguvu kati ya tairi ya kulia na ya kushoto. Ile ya kawaida inapeleka nguvu sawa kulia na kushoto, kwa hiyo tairi ya ndani ya kona ikikosa uzito, ya nje nayo inapata kidogo kilekile. Golf GTI ya mark 6 wameweka XDS, mfumo wa kompyuta unaokamata breki ya tairi ya ndani, inafanya kazi lakini ni breki, inapoteza nguvu na inachoma pedi. Difu ya gia aina ya Quaife inaipeleka nguvu kwenye tairi yenye uzito bila breki yoyote, ila inazidisha mshiko uliopo upande wa pili, na ukizidisha sifuri ni sifuri. Gari iliyokazwa mbele mpaka tairi ya ndani inanyanyuka haitaifaidi. Unaona springi zinavyorudi tena?

Ndio maana mimi stablaiza (fimbo inayozuia gari kulala kwenye kona) nene naweka nyuma, mbele naacha ya kiwandani. Nyuma ikikaza, inabeba sehemu kubwa ya kulala kwa gari na tairi ya ndani ya mbele inabaki chini. Tairi ya nyuma itanyanyuka kidogo kwenye kona, haina kazi ya kuvuta, iache. Hapa nina wasiwasi wangu: nimefunga kwa watu ambao baadaye nilijiuliza kama wataiweza kwenye mvua, maana gari inakuwa nyepesi kugeuka na sio kila dereva anaipenda hiyo. Siku hizi naanza na nafasi laini ya stablaiza hiyo na nampa mtu wiki mbili kabla ya kukaza.

Yule kijana tumemrudishia springi za kiwandani na shokapu mpya, tairi nne 225 za mwaka huu, bushi, alaimenti. Remapu tumeipunguza busti (presha ya turbo) kwenye gia ya kwanza na ya pili tu, kuanzia ya tatu ipo yote. Bei ya vyote ilikuwa chini ya turbo aliyokuwa anaitaka. Tumetoka naye Jumapili alfajiri, akakanyaga gia ya pili kutoka taa za Tegeta, usukani umetulia mkononi, taa ya traction (inayowaka tairi ikiteleza) haijawaka. Akaniuliza nimeongeza farasi wangapi.