"Hapless": mtu ambaye kila mti kwake unateleza

Kipa kafungwa mabao manne, la mwisho kapigwa tobo, na kesho yake gazeti la Uingereza linamwita "the hapless goalkeeper". Ukifungua kamusi utaambiwa ni "mwenye bahati mbaya", basi. Ni kweli, ila haitoshi.

"Hap" ni neno la kale la bahati, lililoingia Kiingereza kutoka kwa watu wa Skandinavia, na "-less" ni kukosa. Shina hilohilo ndilo lililozaa "happen", "perhaps", "mishap" na hata "happy", ambalo mwanzoni lilikuwa mwenye bahati, furaha ikafuata baadaye.

Kupatwa na balaa mara moja hakumfanyi mtu awe "hapless". Wahenga walisema siku ya kufa nyani miti yote huteleza, lakini hiyo ni siku moja. Huyu wetu miti humtelezea Jumatatu hadi Jumapili, na watu wameanza kushuku kwamba hata kupanda kwenyewe hajui. Mfikirie mtalii anayetaka kwenda Mbeya, akapanda basi la Arusha, akashtuka njiani na kushuka mbio, begi likaendelea na safari. Unamhurumia, na bado unacheka. Huyo ndiye "hapless" hasa.

Kwa hiyo usilitie kwenye salamu za rambirambi. Waandishi wa habari husema "hapless victims", na hapo kicheko hakipo kwa sababu waliodhurika hawakuwa na la kufanya. Lakini kwa mtu mmoja unayemheshimu, neno linaweza kuuma.

Wala usikimbilie kulitafsiri "mwenye kisirani". Mwenye kisirani tunamwogopa, hatutaki hata kupanda naye chombo kimoja, ilhali "hapless" hamwambukizi mtu. Lililo karibu zaidi ni lile la vijiweni Dar: ana gundu.

Kwa safari iliyoishia pabaya, kama ya Titanic mwaka 1912, Waingereza husema "ill-fated". Wapenzi wasiojaliwa kuwa pamoja ni "star-crossed", kama Shakespeare alivyowaita Romeo na Juliet, na hilo Mswahili halimsumbui: nyota zao hazikupatana.

Sikio nalo hudanganya. "Helpless" ni asiyeweza kujisaidia. "Hopeless" ni asiyefaa kabisa, na ukimwambia mtu hivyo mtagombana.