Tundu kwenye ndege halimalizi abiria: filamu za Airport na wanaoziamini

Filamu nne za Airport zilizotoka Marekani kati ya 1970 na 1979 zilitengenezwa ili watu waogope. Anayefanya kazi na ndege huzitazama leo akicheka, na waliozitengeneza hawakutaka acheke. Si vibaya, burudani ni burudani. Kinachochosha ni abiria wa leo, mwenye tiketi mkononi, ambaye fizikia yake bado ni ile ya mwigizaji Dean Martin akiwa rubani wa filamu.

Dhana: Tundu likitokea angani, hewa ya nje inawafyonza watu mmoja baada ya mwingine.

Hii ndiyo inayorudi kila siku. Mwaka 1970 bomu lililipuka chooni ndani ya Boeing 707 ya kwenye filamu, na tangu hapo kila mwongozaji amevumisha upepo ndani ya kabini mpaka achoke mwenyewe.

Nje hakuna kinachofyonza chochote. Kwenye futi 35,000 mgandamizo wa hewa ya nje ni kama hektopaskali 240. Ndani unawekwa karibu 750, sawa na kuwa futi 8,000, chini kidogo ya kibanda cha Mandara pale Kilimanjaro. Hewa ya ndani ndiyo inayosukuma kutoka, na hewa hiyo ina kiasi chake. Ikishalingana na ya nje, upepo umekwisha. Kwa ndege ya ukubwa wa Boeing 737, tundu la mita moja ya mraba huimaliza kazi hiyo kwa sekunde mbili hivi. Dirisha moja la abiria huchukua kama nusu dakika. Ukiona filamu ambayo karatasi zinapeperuka kwa robo saa, jua kuna feni kubwa nyuma ya kamera.

Tena nguvu hiyo hupungua haraka sana ukisogea mbali na tundu. Dirisha la 737 lina sentimita 25 kwa 36 hivi. Kwenye ukingo wake hewa inapita karibu na kasi ya sauti. Mita moja tu kutoka hapo haifiki mita 3 kwa sekunde, yaani upepo wa feni ya mezani. Aliye hatarini ni yule aliyeketi palepale kwenye tundu, hasa bila mkanda. Tundu likiwa kubwa hesabu inabadilika, kweli: mlango wa mizigo wa Boeing 747 ulipong'oka karibu na Honolulu mwaka 1989, watu 9 walipotea pamoja na viti vyao. Wengine wote walitua.

Mfano ambao kila mtu angepaswa kuujua ni wa Juni 10, 1990. Kioo cha mbele cha BAC One-Eleven ya British Airways kiling'oka kwenye futi 17,300. Bolti 84 kati ya 90 zilizokishika zilikuwa nyembamba kuliko zinazotakiwa, kwa tofauti isiyofika hata milimita moja. Kapteni alikuwa amelegeza mkanda wake. Alitoka nje hadi kiunoni, wahudumu wakamshikilia miguu mpaka ndege ikatua Southampton, na alipona. Abiria je? Walibaki vitini. Miaka miwili kabla, 737 ya Aloha, shirika la Hawaii, ilipoteza mita 5 na nusu za paa kwenye futi 24,000. Aliyepotea ni mhudumu mmoja, naye alikuwa amesimama. Waliofunga mikanda walijeruhiwa, baadhi vibaya, lakini walifika Maui na viti vyao.

Kwa hiyo funga mkanda, uukaze, na uuache umefungwa hata taa ikizimwa. Sina ushauri mwingine wa maana kuliko huo.

Kinachoua kimyakimya ni ukosefu wa oksijeni, na filamu haziushughulikii kwa sababu mwigizaji mwenye barakoa hawezi kuongea. Kwenye futi 35,000 una sekunde 30 hadi 60 za akili timamu. Barakoa hudondoka mgandamizo wa kabini ukishuka hadi ule wa futi 14,000 hivi. Ivute kwa nguvu, maana kwenye ndege nyingi mvuto huo ndio unaowasha mtambo wa oksijeni ulio juu yako. Mfuko usipojaa usihangaike, hewa inapita. Na funika pua! Picha za ndani ya ndege ya shirika la Southwest la Marekani ya Aprili 2018 zilionyesha abiria wamefunika mdomo tu, pua iko nje. Mtambo hudumu kama dakika 12 hadi 15, na marubani wanahitaji chache tu kati ya hizo kushuka hadi futi 10,000, ambako mtu anapumua bila barakoa.

Dhana: Kichaa mmoja anaweza kufungua mlango angani.

Juu kabisa, hapana. Mlango wenye mita 1.6 za mraba unabanwa na nguvu ya kama tani 8, na milango mingi ya kabini lazima kwanza iingie ndani kidogo ndipo itoke. Karibu na ardhi tofauti ya mgandamizo ni ndogo, ndiyo maana Mei 2023 abiria wa Airbus A321 aliweza kuufungua karibu na Daegu, Korea Kusini, ndege ikiwa futi 700 hivi. Na ndege ndogo za Caravan za Dar kwenda Zanzibar hazijazwi mgandamizo kabisa, kwa hiyo huko usiniulize habari za kufyonzwa.

Dhana: Rubani anaweza kushushwa kwa kamba kutoka helikopta hadi ndani ya 747.

Airport 1975 ilifanya hivyo kupitia tundu lililotobolewa na ndege ndogo. Kwa kasi ya noti 200 (kama kilomita 370 kwa saa), upepo unausukuma mwili wa mtu mzima kwa nguvu inayozidi kilo 300. Asingening'inia chini ya helikopta, angeburuzwa nyuma yake.

Dhana: Ndege iliyozama inabaki kavu ndani.

Airport '77. Bodi imetengenezwa kuzuia hewa isitoke, si kuzuia maji yasiingie. Mita 10 tu chini ya bahari, maji yanasukuma kwa zaidi ya mgandamizo wowote ambao kabini hubeba angani, tena kwa upande usiotarajiwa. Vali zenyewe za kutolea hewa zingeyapokea.

Dhana: Unaweza kufungua dirisha la Concorde na kupiga fataki ili kulipoteza kombora.

Mwigizaji George Kennedy alilifanya mwaka 1979 kwa uso mkavu kabisa. Dirisha la pembeni lilikuwepo kweli, na marubani walipeperusha bendera kupitia hapo, wakiwa chini. Juu, kila desimita 10 za mraba za dirisha hilo zilibeba zaidi ya kilo 700. Tuseme limefunguka: kwa Mach 2, yaani mara mbili ya kasi ya sauti, upepo unausukuma mkono ulionyoshwa kwa kilo mia na zaidi, na pua ya ndege iko kwenye nyuzi 127. Bastola ingeondoka kwanza, mkono ukiifuata.